Thijmen na Kinoo Changu

Alhamisi, 7 Desemba
Heerenveen, uwanja wa barafu. Kocha Gosse kasema nafasi ya ubingwa wa dunia wa kuteleza kwenye barafu, mita elfu moja na mia tano, imebaki moja. Mimi au Thijmen. Na huyo mmoja lazima aingie nane bora kwenye mbio za Jumamosi, la sivyo haendi mtu. Nimecheka. Mimi Wiebren, niliyewatimulia barafu Wanorwei na Wakorea kwao wenyewe, nishindanishwe na kitoto cha Haarlem kinachovaa pete ya kupimia usingizi! Usingizi wangu mimi anaupima mke wangu — kwa kiwiko.

Ijumaa, 8 Desemba
Mezani Thijmen na juisi yake ya bitiruti. Mimi supu ya njegere, nzito, kijiko kinasimama. Akaniambia eti supu ya wazee. Nikamwambia wewe kunywa tu, kesho utakojoa nyekundu.
Jioni tumenoa vyuma vya viatu vya kutelezea, kila mtu vyake. Hapa kwetu utamwazima mtu gari, hata suti ya harusi, lakini vyuma vyako hagusi mtu. Yeye ananoa kama anampaka mgonjwa mafuta. Kichefuchefu.

Jumamosi, 9 Desemba
Chumba cha kubadilishia nguo. Mbio ni za wawili wawili, na tulipangwa jozi moja, mimi na yeye. Mzunguko wa mwisho, pale pa kubadilishana njia, mimi natoka njia ya nje kuingia ndani, yeye ya ndani kwenda nje. Anayetoka nje hupishwa — hata mtoto wa chekechea wa hapa kwetu Friesland anajua. Mpumbavu hakunipisha. Vyuma vikagongana. Nikasimama wima kama nguzo. Jukwaa zima likazomea.
Refa kamtoa mashindanoni. Mimi nirudie, peke yangu, jozi zote zikimaliza. Chuma cha kushoto kina pengo, kinoo kinaniponyoka. Gosse yuko kwa refa, anabishana.
Kaingia Thijmen. Macho mekundu kama juisi yake.
"Lete."
Nikamwambia toka, umeshaniharibia vya kutosha.
"Ndiyo maana nasema lete. Utajikata vidole, mzee."
Nimempa. Sijui nimerogwa. Akitaka kunimaliza, akwaruze vibaya mara moja tu, basi.
Kapiga magoti. Anapitisha kinoo, anajaribu makali kwa ukucha, anarudia. Polepole, kama anampaka mgonjwa mafuta. Nje wanaita jina langu. Namwambia fanya haraka, mbwa wewe.
Hainui kichwa.
"Bado," anasema.