Biatu Biko Chini, Baba Masika

Baba Masika, bwana wangu,

Nakuandikia na mukono yangu mwenyewe. Masika alitaka aniandikie, akasema, «Mama, herufi zako zinatembea kama kuku.» Nikamujibu: acha zitembee, baba yako anazijua. Masomo yangu iliishia kalasi ya tatu, lakini habari hii siwezi kuipitisha kwa mukono ya mutu mwengine.

Tuko na nyumba. Hapana ya kupanga. Ni ya kwetu, hapa Butembo, kule mwisho ya Mususa, kwa mutelemuko unaoangalia kaziwa kadogo.

Unakumbuka ile ya Beni? Tulikuwa tumetoka Mbau na godoro kichwani, Masika kwa mugongo, ukanunua parcelle, kiwanja ya kujenga, katikati ya wakati wa jua. Udongo ulikuwa mugumu kama sakafu ya kanisa. Ukapiga kisigino chini, ukaniambia, «Mama Masika, hapa hata tembo anaweza kulala.» Na mimi nikapiga vigelegele, mujinga pamoja na wewe. Mvula ya kwanza ikakuja, bachura bakaingia nyumbani mbele ya bageni. Asubui tukakuta sufuria inaogelea. Ulicheka mpaka ukakaa ndani ya mayi. Kisha ukapiga misumari mbili kwa ukuta, moja ya biatu byako, moja ya byangu. «Kwa nyumba hii,» ukasema, «biatu ndiyo binalala juu.»

Miaka yote tukaishi vile. Lakini kwa ule ugonjwa wako wa mwisho ulinishika mukono, safari hiyo bila kucheka: «Nilikukosea. Nilinunua na macho. Siku ingine, wewe ununue na mvula.»

Nimenunua na mvula, Baba Masika.

Hii parcelle walituonyesha siku ya jua. Kaziwa kanameta pale chini, bata banaelea, kimya kabisa. Masika akasema tutie sahihi kwa karatasi leo leo. Mimi nikaangalia kaziwa. Mayi karibu tena? Nikasema nitarudi siku ya mvula. Yule mwenye kuuzisha, muzee wa kofia, akacheka: «Mama, batu banakimbia mvula, wewe unaitafuta?»

Ndiyo, niliitafuta. Siku mbingu ilipopasuka, saa nane ya muchana, nikabeba mwavuli nikapanda moto, ile pikipiki ya kulipa. Motard, mwenye kuiendesha, akauliza, «Mama, unaenda kwa kilio?» Nikamwambia naenda kuangalia mayi. Akaongeza mbio, nafikiri aliniogopa. Nikasimama katikati ya parcelle mpaka biatu bikajaa. Mayi ilitoka juu, ikafuata mufereji, ikazunguka, ikashuka kwa kaziwa. Haikusimama hata kidogo.

Bado sikuamini, unanijua. Nikaazima bidon, dumu ya mayi, siku tatu nikashuka na bamama ba pale kuchota kwa chemchem. Mwenye kuuzisha anaweza kudanganya. Bamama bale, na bidon kichwani, banachoka sana, habana nguvu ya kudanganya. Siku ya tatu mumoja, Mama Kahindo, akanisimamisha: «Wewe mama, unaulizaka kama polisi. Unatafuta nini?»

«Nataka kujua kama munaamkaka na bachura nyumbani.»

Bakacheka mpaka bidon zikamwagika. «Bachura bako kwao, kule chini,» Mama Kahindo akasema. «Banaimba tu. Kama hupendi korali, usinunue hapa!»

Nikanunua.

Siku ya mipaka, bajirani batatu bakakuja. Kila mutu akasimama kwa kona yake, akapanda muti wa mupaka na mukono yake, ili kesho asiseme hakuona. Kona ya ine ikabaki. Mama Kahindo akasema, «Ile ni ya bwana wa nyumba.» Bote bakaniangalia. Nikapiga magoti kwa udongo, nikaupanda, nikaita jina lako kwa sauti. Mama Kahindo akaitika mahali pako: «Niko!» Kisha tukakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, nikacheka na kulia kwa kikombe kimoja.

Ungependa maisha ya hapa. Asubui motard banajipanga pale juu ya barabara, nusu ya bajirani banaenda mujini. Masika naye, na mafurushi yake ya bitenge. Banaenda na makelele yao yote. Hapa panabaki bata, nyundo ya seremala, na mimi na maharagwe yangu. Mangaribi banarudi na mikate chini ya kwapa, salamu zinaruka juu ya miti ya mipaka, kutoka lupango moja mpaka ingine. Batu bananiuliza kama si mbali. Ni mbali! Siku ya matope motard analia kama mutoto. Lakini nikifika, nimefika kwangu.

Sasa nikuungamie kitu. Siku ya kuhamia, nyumba ilipoisha kujengwa, kitu ya kwanza nilipiga misumari mbili kwa ukuta. Masika akalia, «Mama, ukuta mupya!» Nikajifanya sisikii. Nikatundika biatu byangu, na byako byeusi bya kanisa, bya Siku ya Mungu, bile nilitoka nabyo Beni.

Wiki iliyopita ikakuja mvula kubwa, ile ya kung'oa migomba. Nikapanda kitanda, nikakunja miguu kama kuku, macho kwa mulango. Niliisikia ikipita inje, inanguruma, inaenda zake kwa kaziwa. Nikangoja mpaka ikaisha. Nikashusha mukono, nikapapasa sakafu.

Kukavu.

Nikashuka. Nikatoa biatu byangu kwa musumari, nikabiweka chini. Nikatoa byako, nikabipanga pembeni. Kisha nikapiga vigelegele, peke yangu, mpaka Mama Kahindo akakuja mbio: «Nani ameolewa?»

«Hakuna,» nikamwambia. «Angalia tu biatu.»

Pumzika, bwana wangu. Kwetu ni kukavu.

Mimi bibi yako,
Mama Masika