Zamu ya Mwavita

Jumatatu, 14 Julai
Makao ya wazee, Ujiji, toka asubuhi. Nimewahoji wahudumu wawili kwa ajili ya tasnifu yangu. Kazi inachosha, mgongo unauma, mshahara hautoshi. Nimeandika. Dodoso linauliza pia mzigo wa kihisia, moja mpaka tano. Mwavita, mhudumu wa chumba cha akina bibi, akauliza tano ni nzito au nyepesi. Nzito, nikamwambia. Akauliza tena: na mtu akiwa likizo akawa anamkumbuka bibi yake wa huku, aandike ngapi? Dodoso langu halina jibu la hilo.

Nami namkumbuka mama. Mwaka wa pili huu tangu afariki. Watu hunipa pole wakidhani namkumbuka akicheka. Namkumbuka kwenye beseni. Uzito wa mkono wake begani kwangu nikimwinua. Kazi ile ilinichosha mpaka nikamlilia Mungu, na sasa naitamani kama mjamzito anavyotamani udongo.

Jumanne, 15 Julai
Nimemwangalia Mwavita akimwogesha Bibi Yustina. Bibi ni wa Kagunga, hajiwezi tena, na huamkia kwa Kiha tu. Kwao Mwavita ni watu wa Kongo, lakini humjibu "mwakeye" kama kazaliwa naye. Huanza mgongo, uso mwisho, maana bibi akiloweshwa uso kwanza hugoma. Mimi mama nilikuwa naanza naye miguu. Nimetoka nje. Matroni akauliza macho yana nini. Vumbi, nikasema.

Alhamisi, 17 Julai
Bibi Yustina amefariki alfajiri. Mwavita alikuwa amemshika.

Ndugu wamekuja mchana. Wamekodi boti, kesho wanampeleka Kagunga kuzika. Mwavita ameomba ruhusa, matroni amekataa. Si mkatili. Utaratibu unasema ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mwenza au mtoto. Tena mhudumu mwingine wa chumba kile anaumwa, hakuna wa kushika zamu. Na kitanda kimeshapata mtu, bibi kutoka Mwamgongo.

Mwavita hakulia. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaniambia, "Madamu, miaka sita nimemlisha kwa mkono huu. Kesho wanamfukia, mie niko hapa namlisha mwingine. Nitamlia lini?"

Nimerudi nyumbani na hasira. Msimamizi wangu wa tasnifu hunionya kila mara: mtafiti akae kando. Ni kweli, aliye kando haangukiwi na mti. Kando nimekaa tangu utafiti uanze, na leo sipapendi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemwambia matroni nitashika zamu ya Mwavita. Alicheka kwanza. Nikamweleza nilivyomuuguza mama, nikamgeuza bibi mmoja kitandani mbele yake, akaona sibabaishi. Akakubali mpaka Jumatatu, mhudumu wa chumba cha wanaume awe ananitazama. Mwavita hakungoja amalize. Ametoka mbio na kanga mbili mkononi, hajala. Sijui kama ameiwahi boti.

Nimempigia simu msimamizi, asije akasikia kwa wengine. Akasema mahojiano ya Mwavita yaondolewe, maana nimeingilia. Ndiyo mahojiano bora niliyonayo. Nimeyaondoa. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumamosi, 19 Julai
Bibi wa Mwamgongo. Haongei na mtu. Amekataa kuoga, akanizaba kofi na sabuni yake. Nikaanza na miguu. Akatulia. Nikamsugua visigino polepole, nikamwinua, akaniegemea begani.

Uzito ule ule.

Nimelia mbele ya chumba kizima, kamasi zinanitoka, bibi ananitazama tu. Tangu matanga ya mama yaishe sikuwa nimelia hivi. Watu walikuja, wakala, wakaondoka, nami nikarudi kazini na mikono isiyo na la kufanya. Kumbe mikono nayo hufiwa. Leo imepata kazi, nami nimefurahi mpaka naogopa.

Jumatatu, 21 Julai
Mwavita amerudi. Boti aliiwahi. Kagunga aliketi nje na majirani, mgeni kabisa. Jioni binti mkubwa wa marehemu akatoka kuuliza nani alikuwa na mama yao mwisho. Ndugu waliosafiri naye wakamwonyesha. Binti akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha mkekani katikati yao. Huko ndiko alikolia, anasema, mpaka sauti ikakauka. Uso umemvimba, na umetulia. Nimemwonea wivu.

Matroni alisikiliza yote amesimama mlangoni. Baadaye akaniuliza tasnifu yangu itasema nini juu ya ruhusa za msiba. Nikamwambia itasema ziongezwe. Hakuahidi kitu, ila aliniomba nakala.

Nimemkabidhi Mwavita zamu yake. Bibi mpya aanziwe miguuni, uji wake usitiwe sukari. Akasema haya, akaingia kwa bibi. Mimi nikachukua mkoba wangu.

Jumanne, 22 Julai
Nyumbani kutwa. Nimesahihisha sura ya tatu, kurasa chache.

Jioni niliinjika sufuria kubwa ya maji ya kuoga bila kufikiri. Yalipochemka ndipo nikaona: maji ya watu wawili, kama siku za mama. Nikayachanganya na ya baridi, nikaoga nayo yote, taratibu.