Baba Mwenze Nkandu, Mchomaji wa Matofali ya Vanhoeck

Mwaka umetimia, Baba, tangu Februari ile ya mvua tulipokulaza kaburini hapa Élisabethville. Majirani wameshaacha kuja kutupa pole. Sisi bado, tukipakua chakula, mkono unakwenda kwenye sahani yako.

Ulitoka Sakania kwa treni mwaka wa 1923, kijana asiye na ndevu, wakati briketeri, kiwanda cha matofali cha Bwana Vanhoeck, ilipokuwa tanuru moja tu kando ya shimo la udongo. Udongo ulikandwa kwa miguu. Ulituambia kwamba mlikuwa mkiimba ili msisikie baridi, na Bwana Vanhoeck mwenyewe alikuwa akivua viatu na kukanyaga pamoja nanyi. Baadaye zikaja mashine, likaja bomba refu la moshi, na yeye hakuvua viatu tena.

Ulikuwa mtu mpole. Hukumgusa mtoto kabla hujaoga. Matofali yaliyovunjika uliyaombea ruhusa, ukawapelekea wajane wa mtaa wa Kamalondo wajengee majiko. Na ukitembea mjini na mama yetu, Clotilde, ulikuwa ukisimama mbele ya posta au kanisa na kugonga ukuta kwa kidole.

“Hii iko ya kwetu,” ulimwambia. “Sikia vile inalia.”

Mama aliona haya, akakuvuta mkono.

Ulipokuja ule mwaka wa shida, kazi zilipokwisha Katanga nzima, kampuni ilizima moto na kuwapakia watu kwenye treni warudi kwao. Ukarudi Sakania. Haikupita miezi mingi ukaja tena, kwa miguu, ukaomba kulinda tanuru lililopoa kwa posho ya unga tu. Dada yako Bwalya hajakuelewa mpaka leo.

Moto ulipowashwa tena, wewe ulikuwa wa kwanza kuingia. Wakati wa vita haukuzimwa hata Jumapili, na mlikuwa mkitumwa ndani kutoa matofali kabla hayajapoa, vumbi limejaa kama ukungu. Hapo ndipo kifua kilipoanza. Daktari wa kampuni alisema ni tumbako. Wewe ambaye hukuwahi kuvuta!

Desemba ya 1953 kampuni ilifanya sikukuu ya miaka thelathini. Mama alikupigia pasi shati jeupe. Mkurugenzi, mwana wa Bwana Vanhoeck, alisimama akaeleza habari zote: tanuru la kwanza, mashine, bomba la moshi, nyumba zilizojengwa. Ulikuwa mstari wa mbele, na kikohozi kikakushika. Kapita Mulenga, msimamizi aliyeanza kazi pamoja nawe, akaja akakugusa bega.

“Mwenze, twende kule nyuma. Bazungu banasikia.”

“Niache nisikilize, Mulenga. Iko anasema mambo yetu.”

“Banasema nikuondoe, ndugu yangu. Mimi nifanye namna gani?”

Maneno yaliyobaki uliyasikiliza nyuma ya banda la makaa, umekaa juu ya ndoo. Ulipofika nyumbani, binti yako Laurentine alikukimbilia.

“Baba, balikutaja?”

Ulivua shati, ukalikunja vizuri.

“Balitaja tanuru,” ulisema.

Hukurudi tena kazini. Mama alikuketisha na mito mgongoni ili upate pumzi, na pumzi ilizidi kuwa fupi, mpaka asubuhi moja haikutosha.

Kilio kilikuwa hakijaisha Mulenga alipokuja, kofia mkononi. Nyumba ya kambi ya kampuni tuliyokaa ni ya mfanyakazi, si ya mjane.

“Mama Clotilde, munisamehe. Banataka nyumba.”

“Na sisi tuende wapi?”

Tukabeba vitanda kwa mkokoteni mpaka mtaa wa Katuba, kwenye chumba cha udongo mbichi. Mvua za mwaka huu zimeangusha ukuta wa nyuma, tumeuziba kwa magunia.

Liévin, mwanao wa kwanza, alitafuta kazi kila mahali, kwenye reli, kwenye maduka ya Wagiriki. Alikokwenda waliuliza baba yake alifanya kazi wapi, kisha wakamwambia aende hukohuko. Akamweleza Mama kwamba anaingia briketeri.

“Liévin, ile vumbi njo iliua baba yako.”

“Najua, Mama. Tutakula nini?”

Mama alikwenda kumtafutia kitambaa cha kufunga puani.

Sasa yuko tanuruni, pale pale pako. Kitambaa amekiacha, anasema ndani kuna joto na hakimpi pumzi. Juma lililopita, tukiwa tunakula, alikohoa. Mama aliacha kutafuna. Akakohoa tena. Laurentine akamsogezea maji.

Tulitaka kukuletea habari njema, Baba. Hatuna. Tunakuletea majina yetu, ili ujue kwamba bado tunaishi: mkeo Clotilde, watoto wako Liévin na Laurentine, dada yako Bwalya, kule Sakania.

Hatutakusahau, Baba, mpaka siku tutakapokufuata, kila mmoja kwa zamu yake.