Namba Niliyosema Haigawanyiki

Mwanangu Furaha,

Mama yako ananiambia uko mzima huko Bujumbura, na kwamba wateja wa cherehani hawakupi nafasi ya kupumua. Habari zako zote nazipata kwake, maana mimi hunipigii. Leo nakuandikia juu ya ile namba.

Ulikuwa darasani kwangu, hapa Runingu. Niliandika mbili ubaoni, nikaizidisha kwa yenyewe ikawa nne, nne ikawa kumi na sita, hivyo hivyo hadi 65 536. Kila moja nikaiongezea moja: 3, 5, 17, 257, 65 537. Zote tano ni namba tasa, hazikubali kugawanywa ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikazidisha na 65 536 kwa yenyewe, ya sita ikatoka 4 294 967 297, nami nikatangaza kwamba hiyo nayo ni tasa. Ukanyoosha mkono.

"Papa, uliishaijaribu?"

"Weye unajua kuliko mwalimu? Kaa."

Darasa zima likacheka. Jioni ukaniletea kaye yako, lile daftari la hesabu, tukaketi karibu na mihogo aliyoanika mama yako, tukaanza kuigawa: wewe kwa tatu, mimi kwa tano, wewe kwa saba. Miezi ikapita hivyo, jioni moja namba moja au mbili. Ulikuwa ukiuma ncha ya ulimi kila ulipogawa. Nilizipenda zile jioni kuliko nilivyokuonyesha. Tulipofika 613 nilichoka, nikafunga kaye.

"Minye nikisema haigawanyike, haigawanyike."

"Sawa, Papa," ukajibu. Tangu siku ile hukuniuliza kitu tena. Hata safari ya Bujumbura ulimuuliza mama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mtoto huvunjika nini.

Juzi niliikuta ile kaye chini ya sanduku. Simu ingenipa jibu papo hapo, lakini nilitaka lipite mkononi mwangu. Nikaendelea tulipoachia, na zamu zako nikazifanya mimi. 617, ikabakiza. 619, ikabakiza. 631 ikabakiza 173. Nikajaribu 641. Nikarudia mara tatu kwa kutoamini macho yangu. Haikubakiza kitu. Ni 641 mara 6 700 417.

Hatua nne tu, mwanangu.

"Baba Furaha," mama yako akasema, "unalia juu ya hesabu?"

Nilikosa, na nilikukosea mbele ya wenzako. Hesabu ya ubaoni hufutwa, lakini lile neno "kaa" sikulifuta. Nisamehe.

Sasa imebaki hii 6 700 417. Je, nayo inagawanyika? Nimechonga penseli mbili na kaye iko mezani, ila sijaigusa. Noeli ukivuka mpaka kuja huku, tutaketi palepale. Ukiniuliza, jibu ninalo tayari, ambalo hukuwahi kulisikia kinywani mwangu: sijui.

Baba yako