Wajumbe wa Amerika Waliomkera Mgeni Rasmi

Kariakoo, Dar es Salaam

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Machame? Mama anasema umeanza kulisingizia ili usipande mlima kwenda kanisani. Mimi sijasema kitu. Huku tu wazima, isipokuwa jasho.

Najua unasubiri kusikia kama nimesaini. Sijasaini. Juzi kwenye simu uliniambia, "Saini tu, mwanangu, yaishe," ukakata kabla sijakueleza. Ndiyo maana nakuandikia, maana barua huwezi kuikata.

Mambo yalianzia Siku ya Wazazi hapa shuleni. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walicheza igizo kuhusu chama kimoja cha siasa cha Marekani kilichopasuka zaidi ya miaka mia iliyopita. Wewe mwenyewe ulikuwa unaifundisha habari hiyo kabla hujastaafu: rais aliyekuwa madarakani na yule aliyemtangulia, marafiki wa kufa na kuzikana, wakagombea kuteuliwa na chama hichohicho. Kwenye mkutano mkuu, majimbo mengine yakaleta makundi mawili ya wajumbe kwa viti vilevile, na kamati ya kuamua nani akae ilikuwa imejaa watu wa rais. Walioenguliwa wakasugua msasa na kuiga mlio wa mtambo wa kushindilia barabara, yaani kwamba wanasagwa. Kisha wakatoka wakaunda chama chao, na uchaguzi ukaenda kwa wapinzani.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba niliwaambia wanafunzi wacheze kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza walikuwa wanakariri tu.

Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Ni mzee mwenye maduka ya vitenge hapa Kariakoo, na pia anaongoza chama cha wafanyabiashara wa mtaa wao. Sikujua kwamba chama hicho kilikuwa kimetoka kwenye uchaguzi, wakaja wajumbe wa orodha mbili, na wa orodha isiyomtaka yeye wakazuiwa mlangoni. Wazazi walijua. Binti aliyeigiza mkuu wa kamati aliposema, "Jina lako halimo, pisha wenzako," mama mmoja muuza vitenge akasema kwa sauti, "He! Na mimi si ndivyo nilivyoambiwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msasa ulipoanza kusuguliwa, mgeni rasmi akanyanyuka meza kuu akaondoka, soda yake hajaigusa.

Jumatatu mkuu wa shule akaniita. Barua alikuwa ameshaichapa, imebaki saini yangu tu: kwamba naomba radhi kwa kumdhihaki mwenyekiti mbele ya wazazi. Nisiposaini, mkataba wangu hauongezwi.

"Mkuu, hawa ni Wamarekani," nikamwambia. "Tena wameshakufa wote."

"Najua, madam. Lakini ungefanya kwa Kiingereza tu, nani angeelewa?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, Baba. Miaka yote nasimama mbele ya ubao nikidhani nalipwa ili watu waelewe. Wazazi wale, wengine shule waliiachia njiani, waliielewa historia mpaka wakaicheka pale hasa penye kuchekesha. Na hilo ndilo la kuombea radhi? Wewe nakuheshimu, na huwa sikubishii, ila hili silifanyi.

Nikachukua ileile barua nikaandika chini yake kwa mkono: "Niko tayari kuomba radhi. Namwomba mheshimiwa mwenyekiti aonyeshe ni mhusika yupi katika igizo ambaye ni yeye, na ni jambo gani alilolifanya linalofanana na la mhusika huyo, ili nimwombe radhi bila kukosea."

Mkuu wa shule aliisoma mara mbili. "Madam, unajitafutia nini lakini?" akauliza. Hata hivyo akaipeleka.

Imerudi jana. Haina muhuri wala saini. Mwenyekiti ameandika maneno mawili tu, na amekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka: "Siyo mimi."

Sasa kama siyo yeye, nimemkosea nani? Nilimuuliza hivyo mkuu wa shule ofisini mbele ya walimu wenzangu. Akasema suala la mkataba ataliangalia mwisho wa mwezi. Aliangalie. Sikufichi, naogopa, kwa sababu shule zinazotafuta mwalimu wa historia si nyingi. Lakini nikiondoka, nitaondoka bila kuwa nimeomba radhi eti kwa kuwa watu walinielewa.

Nisalimie Mama, umwambie ndizi zilifika na jirani zangu wamezimaliza. Msalimie kaka Elia na mkewe, na shangazi Manka wa zahanati. Mjomba katekista najua atasema mtoto wa kike nina mdomo, mwambie nimekubali.

Karatasi pekee ninayoitia saini wiki hii ni hii yako, Baba, na naitia kwa kalamu ya wino.

Mwanao akupendaye,
Mwalimu Aikande