Khukuri Niliyoipata Dira

Riyadh, Alhamisi usiku

Miaka sitini na nne ninayo. Nimezika wake wawili, na makafili watatu, wadhamini wangu wa kazi huku, wamekufa wakiniacha hai getini ninakolinda. Leo naogopa kisu.

Nimekipata soko la Dira, hapa hapa mjini, kwa mwenye duka Mnepali. Ni khukuri, kile kisu chao kilichopinda. Nimeshika panga tangu utotoni na hakuna lililonikaa mkononi hivi. Kana kwamba ngumi yangu ilipimwa nikiwa nimelala.

Thapa, mlinzi mwenzangu Mnepali, akaniambia, "Baba, shika ala kwa mgongo, usishike upande wa makali." Nikamjibu nilichinja ng'ombe kabla hajazaliwa. Nikachomoa. Makali yakapasua ala, yakanikata kiganja. "Halas, basi, leo ng'ombe ni wewe!" akacheka, huku akinifunga kitambaa.

Lakini kesho bosi ananihamishia Jeddah, kwa basi. Njiani askari hupekua mabegi. Wakikiona, na mkono wenyewe una jeraha, nitasema nini? Nitanyang'anywa ikama, kibali changu cha kuishi huku, nitiwe jela au nirudishwe Kakamega kama mwizi. Nimekificha kwenye blanketi, nikakitoa, nikakirudisha. Siachi kitu changu mimi. Ngoja, nakitoa tena.

Saa sita usiku sasa. Nimekiacha. Nimempa Thapa, atakatia nyama jikoni mpaka nirudi, kama nitarudi.

Atakayebisha kwamba kilikuwa changu amwulize Thapa. Wafula wa kitanda cha juu naye yupo, lakini ameniona nikitetemeka. Huyo asiulizwe.