Kijogoo, Kompyuta Imewaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, ingawa hukuziomba. Ukitaka kujua hali zetu, hatujambo; na usipotaka kujua, hatujambo vilevile. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi. Nakuandikia kupitia kazini kwako kwa sababu simu yako huita mpaka inachoka, na barua ikipita mezani kwa bosi wako angalau utaona aibu kutoifungua.

Habari ya kwanza ni kwamba nimeunda kompyuta ya gemu kwa mikono yangu. Najua umecheka. Ulipokuwa nyumbani hukuniruhusu hata kuifuta vumbi ile ya kwako. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kiti chako na kukushangilia. Basi cheka haraka umalize, maneno bado yapo.

Bajeti yangu ilikuwa pesa ya baiskeli niliyoiuza, na kwa pesa hiyo ukinunua kifaa kimoja kizuri, kingine lazima kiwe kibaya. Hilo hata mtoto analielewa. Shemeji, mume wa Dada, halielewi. Alijipa cheo cha mshauri bila kuombwa, akanifuata mpaka dukani. Muuzaji naye hujiita Injinia, ana kalamu nne mfukoni na sijamwona akiandika. Mimi nauliza, yeye anamjibu Shemeji. Wote wawili wakakubaliana kwamba jambo la kwanza ni kasha la vioo lenye feni za taa za rangi, maana kompyuta ya gemu bila taa, alisema Shemeji, haina raha. Nilimuuliza kama tunacheza au tunafungua saluni. Kisha Injinia akaniletea kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, chepesi kama boksi tupu la viatu, akaapa kwamba kitabeba mzigo wowote. Nilimrudishia, nikamwambia akakifunge kwake kwanza. Tukisikia mlipuko tutajua.

Nikanunua kasha la chuma lililokwisha kutumika, limebonyea ubavuni, baya hata paka hawezi kulilalia. Kisanduku cha umeme nikachukua kizito, prosesa ya kawaida, na fedha nyingi nikazitia kwenye kadi ya picha, kwa kuwa gemu inakula hapo. Zilizobaki zikatosha hedfoni moja tu ya bei ya chini, ambayo maiki yake ilikufa siku ya pili. Shemeji aliondoka amenuna, akisema nimejinunulia jeneza.

Tuliiunga sebuleni, mimi na Mama. Yeye alishika skrubu kwenye kisahani cha sabuni, akinipa mojamoja kama anayegawa dawa. Nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi tii. Kaka, nilitukana. Nikaibeba mpaka dukani, nikammwagia Injinia maneno mbele ya wateja, nikamwita mchuuzi wa taa za harusi. Ili niondoke tu, akanibadilishia kumbukumbu ya kompyuta, ile RAM, bila hata kuijaribu mashine. Kurudi nyumbani, giza lilelile. Mama, aliyekuwa akinitazama muda wote, akauliza kwa nini waya wa skrini umechomekwa kule juu, wakati ile kadi niliyoiuzia baiskeli matundu yake yamekaa bure. Nilikuwa nimeuchomeka kwenye ubao mkuu wa kompyuta badala ya kwenye kadi ya picha. Injinia sijamwomba radhi na sitamwomba. Alichostahili alikipata, sababu tu ndiyo haikuwa yenyewe.

Sasa utajiuliza mtu wa kufua na kupiga pasi kama mimi anataka gemu ya nini. Siitaki. Naichukia. Nilikufuata humo kwa sababu ndimo unamoishi. Wala hukunipa taabu kukupata: bado unajiita Kijogoo, jina alilokupa Mama kwa kelele zako za alfajiri. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wewe umewaumbua: kila Jumamosi unawawikia watu usiowajua mpaka wanakuomba upunguze sauti, na kwenu ndiko umekuwa bubu.

Yule mchezaji wa timu yako asiyejibu, anayekufa ovyo, mliyembatiza Kiziwi, ni mimi. Uliwaambia wenzako kwamba hasikii hata adui akimkanyaga vidole. Ni kweli, sisikii. Hedfoni ni moja, na anayeivaa ni Mama. Huketi kando yangu kwenye kiti cha jikoni akikusikiliza, kisha hunisimulia ulivyocheka. Nani kashinda wala hajali.

Jumamosi iliyopita aliivua kabla mchezo haujaisha, akaiweka mezani taratibu. Nilimbana mpaka akasema. Mwenzako mmoja alikuuliza kama mama yako hakugombezi kwa kucheza kutwa, ukamjibu kwamba alishafariki zamani. Kaka, nimewadharau watu wengi katika barua hii, lakini hao walikuwa mazoezi. Mama amenikataza kukutajia neno hili. Anasema pengine ulishindwa kueleza kwa nini hupigi simu, na mtu akishindwa kueleza husema lililo karibu. Mimi sina moyo wa namna hiyo. Nililia kwa hasira, na hasira bado ninayo.

Hedfoni yenye maiki nzima nimeshainunua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Kiziwi atazungumza, na sauti haitakuwa yangu. Mama anasema atakusalimia tu, kisha atatuacha tucheze. Wenzako watakuwa wanasikia, kwa hiyo anza mapema kufikiri utawaambia ni nani huyo.

Dada anakusalimu. Shemeji anakusalimu pia, na anauliza kama kompyuta yako ina taa. Marehemu naye anakusalimu sana; anasema kikohozi chako anachokisikia kwenye hedfoni si cha vumbi, nenda ukapimwe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiziwi